Adabu za Nyumba za Kubomolewa

Wanaotutazama kwa nje wametuhukumu zamani: eti sisi ni watu wazima tunaokesha tukivunja nyumba za kwenye kompyuta. Hata wachezaji wa gemu nyingine, ambao walipaswa kuelewa, hutubeza hivyohivyo. Basi nitasema, maana wakisikika wao peke yao, itaonekana kwamba wanajua.

Ni kweli kwamba Teardown, gemu ya Tuxedo Labs ya mjini Malmö, Uswidi, ni gemu ya kubomoa. Ilianza kuuzwa ikiwa bado inatengenezwa, Oktoba 2020, ikakamilika Aprili 2022. Karibu kila kitu ndani yake kimeundwa kwa vokseli, yaani vijitofali ambavyo kwa kipimo cha kawaida vina sentimita kumi kila upande, na nyundo, baruti au lori huvitawanya. Lakini kabla mtu hajavunja, mwingine amejenga. Gemu inaruhusu wachezaji kutengeneza ramani zao na kuwapa wenzao kupitia Steam Workshop, ukumbi wa duka la Steam wa kugawana kazi za wachezaji, na humo ndimo ilimoota jamii ninayoitetea: wajenzi wa nyumba.

Mjenzi wa kwetu hachori ukuta tu. Huanza katika MagicaVoxel, programu ya bure, na hapo rangi si pambo. Nafasi ya rangi kwenye jedwali la rangi ndiyo inayoiambia gemu kama kitu ni kioo, mbao, plasta, tofali au chuma. Kwa hiyo ukuta mzuri una plasta upande wa sebuleni, mbao katikati, tofali nje, na ndani yake bomba la chuma linalopanda kwenda bafuni. Hakuna anayeliona bomba hilo mpaka siku ukuta utakapopigwa. Siku hiyo plasta inapasuka, mbao zinavunjika, bomba linagoma kwa nyundo, na mvunjaji anasimama kidogo, anatazama. Kwa ajili ya kusimama huko mjenzi alikesha.

Mlango ndio mtihani. Huchorwa peke yake, mbali na ukuta, kisha hufungwa kwa bawaba na kuwekewa kikomo cha kuzunguka. Usipoacha nafasi kidogo kati yake na fremu, unakwama au unatetemeka kana kwamba una homa. Droo ya kabati hupewa kiungo cha kuteleza. Vikombe na sahani hupunguzwa kipimo, kwa sababu kwa sentimita kumi hakuna kikombe kinachochorika. Swichi ya ukutani huandikiwa skripti, yaani mistari michache ya lugha ya programu iitwayo Lua: mgeni akiikaribia aone neno, akibonyeza iwake taa ya chumba kile alimo, si ya jikoni. Nimeona chumba cha mtoto chenye madaftari mezani, viatu chini ya kitanda na kabati ambalo kila droo yake ilifunguka. Aliyekijenga alijua fika kwamba wengi wangekipitishia tingatinga bila hata kuingia.

Ndiyo maana kuna adabu ya mgeni, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mgeni mwenye adabu huingia kwa mlango. Huwasha taa, hufungua friji, hupanda ngazi, huchungulia dirishani, ndipo huchagua mahali pa kuanzia. Wengi hupiga picha nyumba ikiwa nzima. Nimemsikia mtu akisema anaona vibaya kuivunja, na hakuna sifa inayompendeza mjenzi kuliko hiyo.

Watu husema pia kwamba nyumba zetu ni za uongo kwa sababu hubaki zikining'inia kwenye kipande kimoja cha ukuta. Huo ni utaratibu wa gemu yenyewe: sehemu iliyobaki imeshikana na ardhi haihesabiwi uzito, mpaka kiungo cha mwisho kikatike. Wapo walioandika skripti za kuziba pengo hilo. Lawama hiyo si ya mjenzi.

 

Ninaloliombolezea ni ndani ya nyumba. Siku hizi ziko programu za kuchukua umbo lolote la kompyuta na kuligeuza vokseli kwa dakika chache. Inatoka ramani ya mtaa mzima, maghorofa marefu, picha za kuvutia. Unakaribia mlango, kumbe ni rangi tu iliyopakwa ukutani. Unavunja ukuta, unakuta jengo ni kama embe lililotobolewa na ndege: ganda limesimama, ndani hamna kitu. Sofa, zulia na sakafu vyote vimekuwa zege kwa sababu hakuna aliyepanga rangi. Na jina la mwenye umbo la awali halitajwi popote.

Hilo la jina linauma zaidi. Desturi yetu ilikuwa kuazimana: huyu amechora jiko, yule ameandika skripti ya swichi, wa tatu anaomba ruhusa, anavitumia, kisha anawataja wote kwenye maelezo ya modi, yaani kazi anayoipakia. Mjenzi mpya alijua aende kwa nani kuuliza habari za bawaba. Kazi ikipakiwa upya na mtu mwingine bila kutaja mwenyewe, mnyororo huo unakatika, na nimeona wajenzi wazuri wakinyamaza kabisa baada ya kutendewa hivyo.

Wewe unayepakua nyumba usiku wa leo, mwandikie aliyeijenga maneno mawili kabla hujaenda kwenye ramani nyingine. Nawe unayeanza kujenga, anza na chumba kimoja chenye mlango unaofunguka, na uwataje uliowaazima.