Uso Uliopooza Baada ya Upasuaji

Kwa uso twasalimu, twacheka na kuonyesha huruma. Kwa hiyo mgonjwa aliyeondolewa uvimbe karibu na sikio, akaamka mdomo umevutwa upande na jicho moja halifumbiki, huona haya kutoka nyumbani. Hapo ndipo minong'ono ya uchawi huanza, Baraka ufukoni mwa ziwa kama vile Fizi milimani. Ndugu wasomaji, tusiikubali. Sababu imo mwilini.

Kila upande wa uso huendeshwa na mshipa mmoja wa fahamu, wa 7 katika jozi 12 zitokazo ubongoni. Hupita ndani ya mfupa wa sikio, kisha hupenya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na kugawanyika hadi kwenye paji, kope, shavu, midomo na shingo. Uvimbe ukiota hapo, kisu cha daktari hakina budi kupita karibu nao. Mshipa ukivutwa tu, waweza kupona wenyewe kwa majuma au miezi. Ukikatwa, sharti uungwe, nao humea polepole, yapata milimita 1 kwa siku.

Je, umeme wafaa? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alitoa kitabu juu ya misuli ya uso aliyoisisimua kwa umeme. Hata leo waganga wengine wa viungo hupitisha umeme hafifu shavuni ili misuli isinyauke. Lakini uchunguzi haujathibitisha kwamba mgonjwa hupona upesi zaidi kwa njia hiyo. Tena umeme hautumiwi mahali palipobaki saratani, ila daktari mwenyewe akiamuru. Basi akija mtu na nyaya na betri ya pikipiki, akidai fedha ili aunyoshe uso, mkataeni. Ataunguza ngozi, na fedha ya safari ya hospitali itakuwa imekwisha.

La kwanza ni kuliokoa jicho. Jicho lisilofumbika hukauka, hupata kidonda, na upofu waweza kufuata. Mchana litiwe matone aliyoagiza daktari. Usiku lipakwe marhamu, na kope zifungwe kwa plasta laini kama mlivyoonyeshwa hospitalini. Mgonjwa asikae penye vumbi wala moshi wa jikoni. Jicho likiwa jekundu na kuuma, msingoje kesho. Kisha, kwa maelekezo ya mganga, ajizoeze mbele ya kioo kuinua nyusi, kufumba macho na kutabasamu, taratibu, pasipo kukaza nguvu.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu wala mzazi wake. Katika kituo cha 6 cha Njia ya Msalaba, Veronika aupangusa uso wa Yesu uliojaa damu na vumbi, wakati wengine wautazama kwa dhihaka. Mgonjwa wa namna hii akija Misa, mpeni nafasi karibu nanyi, mumsalimu kama zamani, na mngoje ajibu. Maneno yake yatatoka polepole.