Embe ngowe la Lamu halitaki pupa

PEPO za kaskazi zinapoanza kuvuma katika visiwa vya Lamu kuelekea mwisho wa mwaka, soko la mji mkongwe hubadilika sura. Karibu na ngome, kando ya nazi, ndimu na samaki, hujitokeza matenga ya maembe, na miongoni mwake limo moja ambalo wenyeji hawalichanganyi na jingine: embe ngowe.

Ni tunda refu na jembamba, lenye ncha iliyojikunja mithili ya kulabu. Jina lake linaafiki umbo hilo, kwani ngoe katika Kiswahili ni kijiti chenye pembe kinachotumiwa kuvutia matawi na kuangulia matunda. Likiiva, ganda lake hutoka katika rangi ya kijani hafifu likawa la manjano na hatimaye rangi ya machungwa. Nyama yake huwa laini, hukaribia karoti kwa rangi, na takriban haina nyuzi.

Hata hivyo, wako wanunuzi wengi, hasa wageni na wakazi wa miji ya bara, wanaolila tunda hili wasiionje ladha yake. Hulalamika kwamba ni chachu, kwamba limesinyaa, au kwamba rangi yake ya nje inavutia ilhali ndani halina utamu wowote. Aghalabu kosa si la mti wala la udongo. Ni la siku ambayo tunda hilo liliangulwa.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kulifaidi embe ngowe hana budi kuelewa jambo moja kabla ya kutia mkono mfukoni: kukomaa na kuiva si kitu kimoja.

Tunda la tangu jadi

Mwembe asili yake ni Asia, katika maeneo ya India na Myanmar, na ulifika pwani ya Afrika Mashariki kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Msafiri maarufu kutoka Moroko, Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka wa 1331 kabla ya kuelekea Mombasa na Kilwa, alieleza kwamba watu wa huko walikuwa wakilila embe bivu kama tunda na kulihifadhi lile bichi katika siki. Achari, basi, si chakula cha jana wala juzi katika mwambao huu.

Ngowe yenyewe inatajwa na wataalamu wa kilimo kuwa ilitoka Zanzibar. Mashamba yake ya kwanza nchini Kenya yalipandwa Lamu yapata mwanzoni mwa karne ya 20, na ni kutoka huko ambako miche ilisambazwa kwingineko pwani.

Leo ngowe hushindana na aina nyingine. Embe apple, la mviringo na lenye wekundu wa kuvutia, lilianzia karibu na Malindi na limejinyakulia nafasi kubwa katika masoko ya mijini. Dodo, ambalo aghalabu huoteshwa kwa kokwa, lina nyuzi nyingi na ladha yake hutofautiana kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kwa anayetaka nyama nyororo isiyomkwama menoni, ngowe bado ina hadhi yake.

Kukomaa si kuiva

Embe ni miongoni mwa matunda yanayoendelea kuiva hata baada ya kutenganishwa na mti. Likiwa mtini, hujiwekea wanga. Linapoangulwa, hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayochochea wanga ugeuke sukari, ukali upungue na nyama ilainike.

Lakini tunda haliwezi kugeuza akiba ambalo halikuwa nayo. Embe lililoangulwa kabla ya kukomaa halikupata muda wa kutosha wa kujiwekea wanga. Laweza kubadilika rangi na hata kulainika, lakini utamu hautakuja. Mara nyingi ganda lake hunyauka na kufanya mikunjo kabla halijaiva.

Embe lililokomaa likiwa bado kijani, kwa upande mwingine, ni mali. Lina kila kinachohitajika ndani yake, na linachodai kwa mnunuzi ni siku chache za subira. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mvumilivu hula mbivu.

Kwa nini machanga hufika sokoni

Swali la msingi ni kwa nini mkulima, ambaye aujua mti wake, auze tunda ambalo halijafikia wakati. Jibu ni kwamba mara nyingi si yeye anayeliangua.

Katika maeneo mengi ya pwani, mkulima mwenye haja ya pesa humuuzia dalali mazao yangali mtini, wakati mwingine matunda yakiwa bado madogo. Dalali naye hulipia mti mzima, hukodi vijana wa kukwea, na hutaka kazi imalizike kwa safari moja. Ilhali maembe ya mti mmoja hayakomai siku moja, yote huteremshwa kwa pamoja na kutiwa katika tenga moja.

Sababu ya pili ni bei. Maembe ya kwanza ya msimu hupata wanunuzi wenye hamu, na anayetangulia sokoni hupata zaidi. Wakati pirikapirika za mavuno zinapofikia kilele, kati ya Desemba na Machi, maembe hujaa na bei huporomoka. Katika miaka hii mwezi wa Ramadhani nao unaangukia msimu huo, na mahitaji ya matunda ya futari ni kishawishi kingine cha kuangua mapema.

Sababu ya tatu ni safari. Embe la Hindi au Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, hupakiwa garini hadi Mokowe, likashushwa, likapakiwa mashuani hadi kisiwani, kisha likabebwa kwa punda au mkokoteni kupitia vichochoro. Linalosafirishwa kwenda Mombasa au Nairobi hukaa njiani kwa muda mrefu zaidi. Mchuuzi hupendelea tunda gumu lisilopondeka, na tunda changa ni gumu kuliko yote.

Jinsi ya kuchagua

Mnunuzi asitazame rangi pekee. Atazame kwanza mabega ya tunda, yaani sehemu zilizo pande mbili za kikonyo. Embe lililokomaa mabega yake hujaa na kuinuka, kikonyo kikaonekana kana kwamba kimekaa shimoni. La changa huteremka kutoka kikonyoni kama mteremko.

Pili, atazame mashavu. Ngowe ni nyembamba kwa maumbile, lakini iliyokomaa hunenepa mashavuni na hata karibu na ile ncha yake. Iliyo bapa kama upanga iachwe.

Tatu, kijani chake kiwe kimefifia, si kile kijani kibichi kilichokoza, na vitone vidogo vya gandani viwe vinaonekana wazi. Nne, lipimwe mkononi: tunda lililokomaa ni zito kuliko linavyoonekana. Ukipata fursa ya kuyatia majini, yaliyokomaa huelekea kuzama ilhali machanga huelea.

Anayenunua tenga zima ana haki ya kuomba moja lipasuliwe. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza kugeuka manjano, tunda limekomaa. Ikiwa nyeupe kote, biashara hiyo ni afadhali iahirishwe.

Kwa embe linaloliwa siku hiyo hiyo, linusiwe kwenye kikonyo, kwani ndipo harufu yake inapotokea. Lishikwe kwa kiganja na kubonyezwa taratibu. Kulichoma kwa kidole gumba ni kumharibia mwenzako atakayelinunua baadaye.

Yaepukwe maembe yenye matundu madogo kama ya sindano yaliyozungukwa na doa laini. Hiyo ni dalili ya nzi wa matunda, ambaye hutaga mayai chini ya ganda. Spishi moja ya nzi hao kutoka Asia ilitambuliwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003, na madhara yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kuuza maembe katika soko la Umoja wa Ulaya, hadi mwaka wa 2021.

Kuvundika kwa usalama

Maembe yaliyokomaa huvundikwa. Yapangwe ndani ya kapu, sanduku la karatasi au mtungi, yafunikwe kwa majani makavu au karatasi za gazeti, na kuwekwa mahali penye joto la kawaida pasipopigwa na jua. Ndizi moja mbivu ikiwekwa kati yake huharakisha kazi, kwa maana nayo hutoa ile gesi ya ethilini.

Kwa kawaida huchukua kati ya siku tatu na saba. Yakaguliwe kila siku, na lililoanza kuoza liondolewe mara moja lisiambukize mengine.

Embe ambalo halijaiva lisitiwe katika jokofu. Baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi hulidhuru, likabaki na madoa na kushindwa kuiva vyema. Likishaiva, laweza kukaa humo kwa siku chache bila hofu.

Wapo wafanyabiashara wanaotumia kalsiamu kabaidi, ile kemikali ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ili kuyaivisha maembe kwa haraka. Ikikutana na unyevu, kemikali hiyo hutoa gesi ya asetilini inayoigiza kazi ya ethilini. Ganda hugeuka manjano lakini ndani hubaki na ukali. Isitoshe, kabaidi ya viwandani yaweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, ambazo ni sumu, na ndiyo maana India imeipiga marufuku kwa matunda. Tenga la maembe yenye rangi moja sare, yasiyo na harufu, ni la kutiliwa shaka.

Mnunuzi ajihadhari pia na utomvu. Mwembe na mkorosho ni wa jamii moja, na utomvu unaotiririka kikonyo kikikatwa waweza kuunguza ngozi na kuacha makovu meusi kwenye ganda. Mwanguaji mwangalifu huacha kikonyo kirefu kidogo, na akikikata, hulielekeza tunda chini utomvu udondoke. Nyumbani, embe lioshwe kabla ya kumenywa.

Kutoka kapuni hadi sahanini

Ngowe bivu haihitaji mbwembwe. Hukatwa mashavu mawili kwa kufuata ubapa wa kokwa, nyama ikachanjwa miraba bila kutoboa ganda, kisha shavu likapinduliwa. Tone la ndimu huipa uchangamfu. Kwa kuwa haina nyuzi, hutoa maji mazito yasiyohitaji kuchujwa wala sukari nyingi.

Embe bichi nalo lina kazi yake. Hutiwa katika mchuzi wa samaki wa nazi mahali pa ukwaju au ndimu. Hukunwa likachanganywa na kitunguu, pilipili na chumvi likawa kachumbari ya kuteremshia wali. Hukatwa vipande likaliwa kwa chumvi na pilipili ya unga, kitoweo cha barazani kisichojua umri.

Anayetengeneza achari achague yaliyo magumu. Yakatwe vipande vyembamba, yatiwe chumvi, na kuanikwa juani kwa siku moja au mbili hadi yapungue maji. Kisha siki ichemshwe na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, manjano, mbegu za haradali na sukari kiasi, vipande vitiwe humo na kupikwa kwa moto mdogo. Achari ihifadhiwe katika chupa ya kioo iliyokaushwa vizuri. Sufuria ya alumini isitumiwe kuihifadhi, kwa kuwa ukali wa siki huila.

Njia hii pia ndiyo inayookoa maembe yaliyoanguka kwa upepo au yaliyozidi soko wakati wa kilele cha msimu, ambayo vinginevyo huozea chini ya miti.

Mnunuzi ana sauti

Ngowe si mti rahisi kwa mkulima. Huelekea kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na maua yake hushambuliwa na magonjwa ya ukungu. Mkulima akiona kwamba soko halitofautishi tunda lililokomaa na lile changa, hana sababu ya kungoja, wala hana sababu ya kuupanda tena mwembe huo pindi mkongwe unapoanguka. Atapanda unaouzika kwa rangi.

Mnunuzi anayelikataa embe changa na kukubali kuongeza shilingi chache kwa lililokomaa humtumia mkulima na dalali ujumbe ambao hakuna mkutano wa hadhara unaoweza kuufikisha kwa wepesi huo. Wenye hoteli, wauza maji ya matunda na akina mama wa achari, ambao hununua kwa wingi, wana uwezo mkubwa zaidi: wanaweza kukubaliana na mkulima moja kwa moja aangue kwa awamu, kila tunda kwa wakati wake, na kumlipa kwa kila awamu badala ya kumwacha auze mti mzima kabla ya wakati.

Ni kweli kwamba mchagua nazi hupata koroma. Lakini methali hiyo haikumkusudia mnunuzi wa maembe. Kwake yeye, asiyechagua ndiye anayerudi nyumbani na lisiloliwa.