Jicho la Speke na usaha wa asubuhi

Je, wajua kwamba mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Ziwa Tanganyika bila kuliona vizuri? Yeye na mpelelezi mwenzake Richard Burton waliingia Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Walipoishika tena njia ya misafara kuelekea Ujiji, Burton alikuwa akibebwa kwa machela, miguu haimtii, na Speke macho yamemzimika. Tarehe 13 Februari 1858 wapagazi waliona maji. Speke aliona ukungu na mng'aro.

Wapo wanaosema ilikuwa trakoma. Mimi nina shaka. Mwenyewe aliandika kwamba uvimbe ulikuwa ndani ya jicho, hadi kwenye mboni na utando wa nyuma unaopokea picha. Alikuwa na miwani ya kijivu ya kukinga jua, lakini watu walimzonga kuishangaa mpaka akaivua. Jicho linalouma kwa ndani, linalokimbia mwanga na kuona ukungu, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, lisingojee dawa ya duka.

Maambukizi ya kawaida ya bakteria hukaa juujuu, kwenye ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Yatambue kwa usaha mzito, wa njano au kijani, unaorudi muda mfupi baada ya kufutwa. Asubuhi kope zimegandana. Tongotongo kidogo za kuamka nazo si ugonjwa. Virusi huleta zaidi machozi ya majimaji, kama mlipuko wa macho mekundu wa Dar es Salaam Januari 2024, na mzio huwasha kupita kiasi. Antibayotiki haiviui virusi, wala haiondoi mzio.

Tiba yenyewe haina makuu. Nawa mikono, lainisha ukoko kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kisha fuata dawa uliyoandikiwa, mara nyingi ya matone au ya mafuta kama tetrasaikilini ya macho. Vuta kope la chini, kamulia dawa humo, na ncha ya tyubu isiguse jicho. Taulo na mto ni vya mgonjwa peke yake. Maziwa ya mama, mkojo, chai na maji ya majani viache: jicho lililokwaruzwa likiongezewa vijidudu vipya hupata kidonda kwenye kioo chake. Matone yenye steroidi yaliyobaki kwa jirani ni hatari vilevile. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni hasubiri hata kesho, maana kisonono alichoambukizwa wakati wa kuzaliwa chaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache.

Trakoma nayo ni bakteria, ila wa subira. Klamidia wake huhama kwa vidole, kwa kanga iliyofuta nyuso za watoto watatu, na kwa nzi anayependa kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Pigo moja halipofushi. Ni kurudiarudia tangu utotoni kunakoacha makovu ndani ya kope la juu, hadi vinyweleo vigeuke na kukwaruza jicho kila linapopepesa. Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti wamelifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1980, wakaonyesha kwamba kunawisha watoto uso hupunguza trakoma kali. Antibayotiki ya azithromisini humezwa mara moja kwa mwaka, kijiji kizima. Ghana iliutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022.

Bibi anayejing'oa vinyweleo vya kope vilivyogeuka kwa kibano anajipa nafuu ya wiki chache, kisha vinaota tena, vifupi na vigumu zaidi. Apelekwe akapasuliwe kope: hupigwa ganzi, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo.