Fahari ya Waturkmeni ina miguu minne

MASHABIKI wa soka wanaikumbuka Turkmenistan kwa kombora la mbali la Arslanmyrat Amanow lililoishtua Japan, Kombe la Asia 2019, kabla Wajapani hawajapindua meza na kushinda 3-2. Lakini Waturkmeni wana staa wa zamani kuliko soka, tena ana miguu minne: farasi wa Akhal-Teke.

Kwa wafugaji hawa wa jangwa la Karakum, farasi alikuwa usafiri, silaha vitani na bingwa wa mbio. Enzi za Wasovieti, familia zikanyang'anywa farasi, wakapelekwa mashamba ya serikali, idadi ikaporomoka. Mwaka 1935 wapanda farasi wakajibu kwa vitendo: Ashgabat mpaka Moscow, zaidi ya kilomita 4,000, siku 84, wakilikatiza jangwa hilo njiani.

Olimpiki ya Roma 1960, Akhal-Teke aitwaye Absent, akiwa na Sergei Filatov mgongoni, akabeba dhahabu. Ila medali ikahesabiwa ya Umoja wa Kisovieti.

Turkmenistan ikapata uhuru 1991. Leo Akhal-Teke yuko katikati ya nembo ya taifa. Hapo hakuna kocha wa kumweka benchi.