Radi Inayopitia Tumboni

Hadithi za kubuni zimejaa watu wanaorusha radi kwa vidole, na nyingi ya radi hizo hazimtishi msomaji hata kidogo. Mhusika ananyoosha mkono, mwanga unaruka, adui anaanguka, basi. Radi iliyobuniwa kwa umakini zaidi, kwa maoni yangu, imo katika katuni ya mfululizo ya Marekani, Avatar: The Last Airbender, iliyotungwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko na kuonyeshwa na Nickelodeon kuanzia 2005 hadi 2008. Katika ulimwengu wake wa mataifa manne, kuna watu wanaozaliwa na uwezo wa kuamuru maji, ardhi, moto au hewa, na wachache miongoni mwa wenye moto hufikia kuamuru radi. Nashikilia kwamba radi hiyo inaaminika kwa sababu katika jambo lililo muhimu kuliko yote inavunja kanuni moja tu ya umeme, na kwa mengi yaliyobaki inafuata njia ambazo fundi umeme yeyote angezitambua.

Tuanze na inakotoka. Mzee Iroh anamfundisha mpwa wake Zuko kwamba nguvu mbili zinazopingana hutenganishwa mwilini, kisha zinapotaka kurudiana, mpigaji huzifungulia njia. Wingu la mvua hufanya vivyo hivyo. Vipande vidogo vya barafu hugongana na chembe nzito za mvua ya mawe. Vyepesi hupanda juu vikiwa na chaji chanya, vizito hubaki chini na chaji hasi, hadi hewa iliyo katikati inashindwa kuzizuia na mkondo wa maelfu ya ampea unapita. Zuko, ambaye moyo wake umejaa hasira na aibu, hawezi kutenganisha chochote. Kila akijaribu, mlipuko unamrudia usoni. Hapo tabia ya mhusika na kanuni ya umeme vimekuwa kitu kimoja, na ndiyo maana kushindwa kwake kunauma.

Kisha Iroh anamfundisha kinga aliyoibuni kwa kuwachunguza wanaoamuru maji. Radi ipokelewe kwa vidole, ipande mkono hadi begani, ishuke tumboni, ipande tena na itokee mkono wa pili, bila kuugusa moyo. Hofu hiyo ya moyo ni ya kweli kabisa. Umeme wa nyumbani ukipita kifuani, hata sehemu ya kumi ya ampea inaweza kuuvuruga moyo usisukume damu, na ndiyo sababu mafundi wa zamani walishauriana kuweka mkono mmoja mfukoni wanapogusa mitambo yenye moto. Lakini katika maisha halisi mkondo hauambiwi upite tumboni. Hugawanyika katika kila njia iliyopo, na ulio mwingi hufuata ile yenye ukinzani mdogo. Kanuni hii moja ndiyo iliyovunjwa: utashi wa mtu umechukua nafasi ya waya.

Wapo watakaosema uchawi hauna deni kwa fizikia, na tena kwamba maelezo huua maajabu. La kwanza nalikubali kwa kiasi. Radi huenda kwa kasi ambayo hakuna mkono ungeiwahi, na katuni hii inapuuza jambo hilo bila kupoteza kitu. La pili silikubali. Mwandishi Brandon Sanderson alieleza mwaka 2007 kwamba uchawi hutatua mgogoro kwa kadiri msomaji anavyouelewa, na tamati ya katuni hii, ya 2008, inathibitisha hivyo. Zuko anaruka kumkinga mwenzake Katara dhidi ya radi ya dada yake Azula. Yuko hewani, hajajipanga, na njia aliyofundishwa haikamiliki. Mtazamaji anajua papo hapo kwa nini anaanguka, wala hahitaji kuambiwa. Maelezo yaliyotangulia ndiyo yaliyoijenga hofu ile.

Mfululizo uliofuata, The Legend of Korra, ulioanza 2012, unamwonyesha kijana Mako akilipwa ujira kwa kurusha radi katika kituo cha kuzalisha umeme. Wengine wameona hapo radi imeshushwa hadhi. Mimi naona ni matokeo ya haki ya kanuni zilezile: panapokuwa na mtu awezaye kutoa umeme, mji wenye viwanda utamwajiri. Radi moja ya kawaida hubeba nishati ya takriban uniti 280, ingawa huisha kwa kufumba na kufumbua na ni vigumu mno kuihifadhi. Mtu anayeweza kuitoa kila siku kwa kipimo ni hazina kwa gridi yoyote. Waandishi chipukizi wa Kiswahili mnaobuni ulimwengu wenu, msimpe mhusika radi kabla hamjaamua inatoka wapi, inapita wapi na inatokea wapi. Chagueni kanuni moja ya kuvunja, kisha zilindeni zilizobaki hadi ukurasa wa mwisho.