Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuamka: Someni Kwanza Kabla ya Kuita Fundi



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Si kompyuta mpya. Ni ile iliyokuwa nyumbani kwa kijana wa katibu huko mjini, akanunua nyingine, hii akaileta kijijini. Inakaa sebuleni kwa katibu, imefunikwa kitambaa, na ndani yake mna majina ya wanachama, akiba, mikopo na faini. Inafanya kazi vizuri mpaka asubuhi moja inawashwa, na badala ya picha mliyoizoea kunatokea kioo cheusi chenye maneno meupe ya Kiingereza. Hapo ndipo watu huanza kuogopa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilipatwa na shida hiyo wiki mbili kabla ya kugawana akiba ya mwaka. Katibu alinipigia simu. Nami, bila hata kumuuliza kioo kimeandika nini, nikamwambia, "Mama, peleka kwa fundi." Fundi akaipiga fomati, yaani alifuta kila kitu kilichokuwa kwenye diski na kuweka Windows upya. Mashine ilirudi ikiwaka vizuri sana. Lakini hesabu za miaka mitatu hazikuwemo tena, na daftari walikuwa wameliacha tangu siku kompyuta ilipokuja. Tulikaa mikutano minne tukijumlisha kutoka kwa kadi za wanachama, na wengine kadi zao zilikuwa zimepotea. Kuna mama anayeamini mpaka leo kwamba akiba yake ilikuwa zaidi ya ile aliyolipwa. Mimi sina la kumjibu.

Miezi michache baadaye kikundi kingine kikaniita. Kioo cheusi vile vile. Kijana wa sekondari aliyekuwa pale akasoma yale maneno, akachomoa flashi iliyosahauliwa nyuma ya mashine, akabonyeza kibodi, na kompyuta ikawaka. Hakutumia hata shilingi moja. Hii ya pili ilisomwa. Ile ya kwanza hakuna aliyeisoma.

Kwa hivyo tushike mambo mawili. Kwanza, kompyuta inayokataa kuamka mara nyingi inawaambia imekwama wapi. Pili, hata kama mashine imekufa kweli, hesabu zenu ziko kwenye diski, na diski inaweza kuwa nzima. Sanduku ni la kununua tena. Hesabu haziuzwi dukani.

KOMPYUTA INAAMKA NAMNA GANI?

Ukibonyeza swichi, mashine hufuata hatua nne, moja baada ya nyingine:

1. Stima inaingia na feni inaanza kuzunguka.

2. Mashine inajikagua. Programu ndogo iliyo ndani ya chipu, iitwayo BIOS, huangalia kama kumbukumbu yake, ambayo mafundi huiita RAM, ipo na inafanya kazi. Huangalia pia kibodi na sehemu ya kuonyesha picha. Hata ile kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa ikijikagua hivi.

3. Inatafuta mahali pa kuanzia: kwenye flashi, CD au diski kuu, kwa zamu iliyopangiwa.

4. Ikishapata, Windows inaanza.

Basi kazi yenu ya kwanza ni kujua imefika hatua gani. Mashine iliyokwama hatua ya 2 haijafika hata kwenye Windows. Mtu akitaka kuifuta Windows hapo, anatibu mguu wakati kichwa ndicho kinachouma.

KABLA YA KUGUSA KITU

Chukueni kalamu. Andikeni maneno yaliyo kwenye kioo jinsi yalivyo, herufi kwa herufi, au mpige picha kwa simu. Halafu ulizaneni: tangu ilipowaka vizuri mara ya mwisho, ni nini kilichobadilika? Ilihamishwa? Stima ilipotea ghafula? Mtoto wa nyumbani aliweka programu ya michezo? Msibonyeze-bonyeza ovyo, na msirekebishe mambo matatu kwa pamoja. Jaribuni moja, muone, ndipo mwende kwa jingine.

HATUA YA 1: HAINA UHAI KABISA

Hakuna taa, hakuna sauti ya feni. Chomekeni chaji ya simu kwenye soketi hiyo hiyo muone kama ina stima. Jaribuni bila ekstensheni. Sukumeni waya mpaka mwisho nyuma ya sanduku, na muangalie swichi ndogo iliyo hapo nyuma. Mtu akipangusa vumbi anaweza kuizima bila kujua.

Onyo kwa mashine zilizotoka ng'ambo, hasa Marekani. Nyingine zina swichi nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Stima yetu Kenya ni volti 240, kwa hivyo lazima isome 230. Ikisoma 115 na mkaichomeka, itaungua papo hapo.

Mkihakikisha hayo yote na bado iko kimya, huenda pawa saplai imekufa. Hilo ni sanduku la chuma la kugawa stima lililo ndani ya mashine. Hubadilishwa zima zima. Msilifungue, kwa sababu linaweza kuhifadhi stima ya kudhuru mtu hata baada ya plagi kuchomolewa.

HATUA YA 2: FENI INAZUNGUKA LAKINI HAIENDELEI

Ikiwa kioo ni cheusi bila neno lolote, angalieni kwanza kioo chenyewe. Kina plagi yake na swichi yake, na waya wake unaweza kuwa umelegea.

Kisha sikilizeni. Mashine nyingi za zamani hulia "bip" moja fupi zikiwa salama. Zikilia mara nyingi, zinalalamika, na mara kwa mara lalamiko ni la RAM. Hesabuni milio, mifupi mingapi na mirefu mingapi, muandike. Maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini fundi mzuri atafurahi kuambiwa.

RAM iliyolegea au kushika vumbi mnaweza kuirudisha wenyewe. Chomoeni plagi ukutani. Bonyezeni swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi ili stima iliyobaki iishe. Fungueni ubavu wa sanduku, na mtakayefanya kazi aguse chuma chake kwanza ili stima ya mwilini isiue chipu. RAM ni ubao mwembamba ulioshikwa na vibanio viwili. Fungueni vibanio, muutoe, msugue polepole meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, mpanguse mavumbi ya raba, kisha muusukume mpaka vibanio vifunge vyenyewe.

Kama kioo kinasema "Keyboard error", zimeni, mchomeke kibodi vizuri, na muone kama kuna kitabu kilicholalia vitufe.

Kama kinasema "CMOS checksum error" au "CMOS battery low", hiyo ni betri ya saa. Ndani ya mashine mna betri bapa kama sarafu, inayoweka saa na mipangilio hata stima ikiwa imezimwa. Kwa kawaida ni ile yenye namba CR2032, ya volti 3, ambayo hutumika pia kwenye mizani nyingi ndogo za kidijitali. Haigharimu pesa nyingi. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na mashine huomba mbonyeze F1 ili iendelee. Msizoee kubonyeza F1 kila siku na kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Tarehe ikiwa mbaya, faili zenu zitaonekana ziliandikwa mwaka mwingine, na mkaguzi wa hesabu hatawaelewa.

Wekeni betri mpya mashine ikiwa imechomolewa, upande wenye alama ya + ukitazama kama ulivyokuwa. Kisha wekeni tarehe sawasawa. Betri ya zamani isibaki mezani. Mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo vibaya, na ikitokea apelekwe hospitali mara moja.

HATUA YA 3: HAIONI DISKI

Hapa maneno ni kama "Non-system disk or disk error", "Operating system not found", "NTLDR is missing" kwa Windows XP, au "BOOTMGR is missing" kwa Windows 7. Yanatisha, lakini maana yake ni kwamba mashine imetafuta mahali pa kuanzia na haikupata.

Toeni kila flashi, CD na disketi, muwashe tena. Hii ndiyo ilikuwa shida ya kile kikundi cha pili. Mashine ilipewa zamu ya kuanza na flashi, ikaikuta flashi ya picha za harusi, haikuona Windows humo, ikasimama.

Ikikataa bado, zimeni, mchomoe plagi, mfungue ubavu na msukume nyaya mbili za diski kuu, ule wa stima na ule wa habari. Mashine iliyosafiri kwa matatu au bodaboda hulegea hapo.

Sasa sikilizeni diski. Ikigonga-gonga kama kucha mezani, au kioo kikisema "SMART" pamoja na neno "bad" au "failure", zimeni na msiwashe tena. Diski inakufa, na kila mkiiwasha mnaipunguzia uhai. Kazi iliyobaki ni moja tu: fundi aitoe, aifunge kwenye kompyuta nyingine, na anakili faili zenu kabla ya jambo lingine lolote.

HATUA YA 4: WINDOWS INAANZA, KISHA INAKWAMA

Kwa Windows XP na Windows 7, washeni na mbonyeze F8 mara kwa mara kabla ya nembo ya Windows kutokea. Mtaona orodha. Chagueni "Safe Mode", ambapo mashine huamka na mambo ya lazima tu. Ikiamka hivyo, kitu cha kwanza ni kunakili hesabu kwenye flashi. Baada ya hapo ndipo muondoe programu iliyowekwa karibuni.

Ikiwaka kwa dakika chache na kujizima yenyewe, huenda ina joto. Ichomoeni, muitoe nje, mfungue, na mpanguse vumbi la feni kwa brashi laini.

Na jambo moja zaidi. Kampuni iliyotengeneza Windows XP iliacha kuilinda Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Mashine kama hizo zinafaa bado kwa kuandika hesabu, lakini msizitumie kwa mambo ya benki kwenye intaneti.

MKIMPELEKEA FUNDI

Fundi si adui. Wengi ni waaminifu na wanajua kazi. Lakini fundi hajui kilichomo ndani kama hamkumwambia. Basi:

(a) Mpeni karatasi yenye maneno ya kioo na mambo mliyokwisha kujaribu.

(b) Bandikeni kwenye sanduku karatasi iliyoandikwa: USIFUTE KITU. HESABU ZA KIKUNDI ZIMO.

(c) Ulizeni bei kabla ya kazi, na kipande cha zamani kirudishwe.

(d) Waende watu wawili, na mmoja awe mweka hazina.

Akisema lazima apige fomati, mjibuni, "Sawa, lakini kwanza tuonyeshe faili zetu kwenye flashi hii." Mzifungue hapo hapo, mzione kwa macho. Ndipo aendelee.

DAFTARI LISITUPWE

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Daftari ndilo mbacha wetu. Kila baada ya mkutano, andikeni jumla ya kila mwanachama kwenye karatasi, na wanachama watie sahihi. Wekeni nakala ya faili kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina na nyingine kwa mwenyekiti, si zote katika nyumba moja. Kile kikundi cha kwanza sasa hufanya hivyo. Na yule mama niliyemtaja ndiye husoma jumla kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa, akifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikikataa kuamka kesho, tunaweza kumwambia kila mwanachama akiba yake ni ngapi?

2. Nakala zetu ziko wapi, na ni nani aliyezifungua mara ya mwisho kuhakikisha zinasomeka?

3. Kati yetu au watoto wetu, ni nani anayeweza kusoma maneno ya kioo na kuyaandika?

4. Tutakubaliana nini na fundi kabla shida haijatokea?