Haki ya Kibarua wa Miaka Mingi

Hapa Mbweni, Dar es Salaam, ambako kila mwaka nyumba mpya huinuka baina ya minazi na bahari, wamo walinzi, watunza bustani na wapishi wa shule ambao huitwa vibarua ilhali wamemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka mingi, wakitia saini kila asubuhi katika daftari la mahudhurio na kupokea ujira wao kila Jumamosi. Na aghalabu mmoja wao aulizapo likizo au michango yake ya hifadhi ya jamii (NSSF), jawabu apewalo ni kwamba kibarua hana haki. Jawabu hilo ni batili.

Dhulma hii ni kongwe, kwani hata wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947 wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, haitazami jina aliloitwa mtu, bali hali ya kazi yake: aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anayetumia vifaa vya mwajiri, au anayepangiwa saa na namna ya kufanya kazi, hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike kinyume chake.

Fauka ya hayo, iko hila ya kumwachisha mtu kazi kila baada ya miezi michache na kumwita tena, ili asitimize miezi sita inayotakiwa kwa haki kama likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini imeifunga njia hiyo mintarafu ya likizo: kifungu cha 29 kinajumlisha vipindi vyote alivyomtumikia mwajiri huyo ndani ya mwaka, na vikizidi miezi sita, likizo yenye malipo ni haki yake.

Ama mkataba wa muda maalumu, kifungu cha 14 cha sheria hiyo kiliuweka kwa wanataaluma na kada ya uongozi, na marekebisho ya mwaka 2025 yakaongeza hali nyingine, kama vile kazi za msimu. Lakini kulinda lango usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, hakuwezi kuwa kazi ya msimu. Ni kweli kwamba sheria yetu haimgeuzi kibarua kuwa mwajiriwa wa mkataba kwa uwazi kama kifungu cha 37 cha sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Hata hivyo, mwenye mkataba uliohuishwa mara kwa mara, akawa na tarajio la haki kwamba utahuishwa tena, akinyimwa huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi.

Basi kila afanyaye kazi na ahifadhi nakala za malipo, ujumbe wa simu na majina ya mashahidi, na akiachishwa kwa dhulma apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, maana wengi wenye hoja ya haki hushindwa kwa kuchelewa tu. Mwajiri naye na aandike mkataba, kwani asipoutoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye.